Wakati Uliopita wa Vitabuni

Aliyekwama kunyambua kitenzi katika darasa langu la Kifaransa pale Igoma alipiga magoti mpaka somo liishe. Kila mtu alilijua hilo. Wanafunzi wangu walikuwa watu wazima waliotafuta kazi katika mashirika yaliyohudumia wakimbizi wasemao Kifaransa, mwaka 1995.

Jioni moja nilikinyambua kwa kichwa kitenzi cha "kuja" katika wakati uliopita wa vitabuni, kama mapadre walivyonifundisha: "Je vins, tu vins, il vint, nous..." Kichwani pakawa patupu.

Marehemu kaka yangu alianza hivyo hivyo: alisahau sala, kisha majina ya wanawe, mwishowe njia ya kwake.

"Mwalimu, unatutega?" Nusrat, fundi cherehani, alicheka. "Juzi ulinipigisha magoti kwa kitenzi hichohicho!"

"Mwache mzee wa watu," Dorcas, aliyeketi kando yake, alimnong'oneza.

Neno hilo liliniogofya kuliko kusahau kwenyewe. Wakishaanza kunihurumia, nimekwisha.

"Sitegi, binti. Nimesahau."

Kicheko kikakatika. Nikaweka chaki mezani, nikapiga magoti sakafuni.

"Endelea wewe, Nusrat."

"Nous vînmes," alisema.

Sikuinuka mpaka somo lilipokwisha.