Dada wa Kwenye Hadithi

Mdogo wangu alipoingia, watu watatu walisogeza viti ili apate pa kukaa. Mimi nilikuwa nimeingia dakika tano kabla yake, na hakuna aliyesogeza hata begi.

Nasema mapema ili ijulikane: nilikuwa na kijiba cha roho. Nimekuwa nacho tangu mwezi wa pili wa yeye kujiunga na kikundi chetu cha waandishi, na kibaya zaidi ni kwamba nilimleta mwenyewe. Mdogo wangu anauza miwani. Wakati huo alikuwa ametoka kuachana na mchumba wake, na kila jioni alikuwa anakuja kukaa sebuleni kwangu akitazama ukuta. Nikamwonea huruma. Nikamwambia aje Jumamosi ya mwisho wa mwezi, apate watu wa kuzungumza nao. Nilitaka apate watu wa kuzungumza nao. Sikutaka awe mwandishi.

Mwandishi wa familia ni mimi. Jambo hilo lilishaamuliwa nyumbani tangu utotoni: yeye alipewa sauti nzuri, mimi nikapewa vitabu. Sasa nasahihisha prufu, zile nakala za majaribio kabla ya kuchapa, katika kiwanda cha uchapaji, kuanzia kadi za harusi hadi karatasi za mitihani. Kikundi nimekianzisha mimi pamoja na Mwalimu Nukta, mstaafu aliyebandikwa jina hilo kwa sababu hawezi kusikia sentensi ndefu bila kunyanyua kidole na kuuliza nukta iko wapi.

Tunakutana chumba cha nyuma cha maktaba, kule vitabu vilivyochanika vinakosubiri gundi. Utaratibu wetu ni kwamba hakuna anayesoma kazi yake mwenyewe. Kila mtu analeta hadithi iliyochapwa, isiyo na jina, anaitia ndani ya boksi la viatu, kisha kila mmoja anaingiza mkono na kusoma atakachotoa. Mwenye kazi anakaa kimya kama hajui lolote. Kujitambulisha kabla ya kura ni mwiko. Tulijiwekea sheria hiyo ili tusioneane haya, na kwa miaka mingi ilitufaa.

Siku hiyo kikao kilikuwa na uzito wake. Mchapishaji mmoja alikuwa anakusanya hadithi fupi kutoka vikundi mbalimbali, na kila kikundi kilipewa nafasi moja. Moja tu. Mimi nilikuwa nimeshaifanya yangu. Hata picha ya kuwekwa nyuma ya kitabu nilikuwa nimeshaichagua.

Karani wa mahakama ndiye aliyetoa hadithi yangu. Ilihusu mlinzi mzee anayejifunza kusoma. Karani aliisoma vizuri, kwa sauti ile ya kusomea hukumu, na alipomaliza Mwalimu Nukta alitikisa kichwa kwa kuridhika.

"Lugha safi," akasema.

"Safi sana," karani akaitikia.

Seremala, ambaye huwa hasemi mpaka aguswe, alijitazama kucha. "Imenyooka," akasema.

Nilishukuru moyoni, ingawa nimekaa kwenye kikundi hicho muda wa kutosha kujua kwamba hadithi inayosifiwa lugha ni kama bibi harusi anayesifiwa viatu.

Zamu yangu ikafika. Nikaingiza mkono, nikatoa kurasa sita, nikasoma sentensi ya kwanza: "Mama alikuwa akikohoa kwa adabu, amegeukia ukutani, kana kwamba kikohozi ni mgeni aliyemleta bila kutoa taarifa."

Nikakwama hapo hapo. Mama yetu ndivyo alivyokuwa akikohoa.

Miaka tisa nimekuwa nikiandika kifo cha mama. Nina rasimu kumi na moja kwenye droo, na kila moja inafika mlango wa wodi na kufia hapo. Hadithi hiyo nilikuwa naitunza, naisubiri iive. Na huyu mwenye miezi minne kikundini alikuwa ameichukua kama alivyokuwa akichukua viatu vyangu zamani, bila hata kuuliza. Nilimtazama. Alikuwa ameinamia mikono yake.

"Endelea basi," akasema Mwalimu Nukta.

Nikaendelea, na nikaisoma vibaya makusudi. Nakiri. Msahihishaji anajua kupita juu ya maneno bila kugusa maana yake, na siku hiyo ujuzi wote niliumwaga mezani. Penye pumziko nilipita mbio, penye haraka nikatua. Haikusaidia kitu. Seremala aliacha kuchezea penseli yake. Karani alivua miwani na kuishika tu mkononi. Kila aya nilikuwa nanung'unika ndani kwa ndani: hili niliona mimi kwanza, na hilo shuka la bluu mimi ndiye niliyelipeleka hospitalini, yeye hata hakujua limehifadhiwa kabati gani.

Kwenye ukurasa wa tano dada mkubwa akaingia wodini. Dada huyo nilikuwa mimi. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akamshika mama mkono, akamlowanisha midomo kwa pamba, hakuondoka mpaka mwisho. Mama alikata roho kiganja chake kikiwa ndani ya kiganja cha dada.

Lakini mimi sikuwepo. Mama alipokuwa anakata roho nilikuwa kiwandani, simu inalia mezani, nami naitazama. Hicho ndicho kilichokuwa nyuma ya ule mlango katika rasimu zote kumi na moja. Mdogo wangu alikuwepo. Aliyaona yote, na sasa alikuwa amenipa nafasi yake mbele za watu na kunivisha kilemba cha ukoka. Kwa dakika nzima nilimchukia. Hata kwa wema alikuwa amenizidi.

Nilimaliza kusoma, nikaziweka karatasi mezani. Hakuna aliyetaja lugha. Hadithi zangu hazijawahi kupokewa hivyo.

"Imenishika," seremala akasema mwishowe. "Ila yule dada simwamini. Wote mle wodini wanatoka jasho, hata daktari. Yeye tu hatoki. Mimi nimefiwa, na ndugu ninao. Mtu kama huyo sijamwona."

"Kweli kabisa," akasema karani. "Ni shahidi aliyefundishwa cha kusema."

Mwalimu Nukta alikuna kidevu. "Inasikitisha, maana mwanzo wake ni moto. Lakini mwisho umetiwa sukari. Mimi naona tupeleke ile ya mlinzi. Ile haitatuaibisha. Mnaonaje, tupige kura?"

Ile ya mlinzi. Yangu! Furaha ilinipanda kabla sijapata muda wa kuiona aibu. Sikutakiwa kufanya lolote zaidi ya kunyamaza, na kunyamaza ndiyo sheria yenyewe niliyoitunga. Karani akanyoosha mkono. Mwalimu Nukta naye akanyoosha wake. Mdogo wangu alikuwa ametazama meza, shingo imezama mabegani, vile alivyokuwa akifanya utotoni alipotaka kulia bila kuonekana. Nikajiambia atazoea. Mwaka mzima haujaisha tangu aanze, atapata nyingine. Nikajiambia mengi kwa muda mfupi.

"Dada hakuwepo," nikasema.

Mwalimu Nukta alinyanyua kidole. "Tunajadili hadithi hapa, siyo..."

"Hadithi ndiyo ninayoisema, Mwalimu. Dada hakuwepo wodini. Alipigiwa simu na hakuja."

Walinitazama mimi, wakamtazama yeye, nikaona wanaelewa mmoja mmoja, seremala akiwa wa kwanza. Mikono iliyokuwa juu ikashuka taratibu.

"Najua hukuwepo, dada," mdogo wangu akasema, kwa upole ulioniudhi. "Aliyemshika mkono ni mimi."

"Sasa kwa nini umeniweka mimi? Unanihurumia?"

"Nikuhurumie?" Alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Mama alidhani mimi ni wewe. Tangu asubuhi ananiita kwa jina lako. Nikimwambia ni mimi, ananipapasa mkono, anasema haya, halafu anakuita tena. Mwisho nikaacha kumsahihisha. Nikaitika." Akajifuta pua kwa mgongo wa mkono. "Miaka tisa nakuonea wivu kwa kitu ambacho hata hukuja kukipokea."

Seremala aliinama kuokota penseli ambayo haikuwa imeanguka. Karani alivaa miwani, akaivua tena. Siku zote nilidhani wivu katika familia yetu ulikuwa mali yangu peke yangu.

"Hayo ndiyo ungeyaandika," nikasema.

"Ni nusu tu. Upande wako siujui." Alivuta karatasi zake kutoka mbele yangu, akazigeuza upande mweupe, akafungua kalamu. "Nilipiga simu mara tatu. Ulikuwa wapi?"

Niliitazama ile kalamu, na kijiba kikanirudia kile kile, hakijapungua hata chembe. Nilijua ataandika kwa wiki moja kile nilichoshindwa kwa miaka tisa, na ataandika vizuri kuliko mimi. Ningeweza kusema sikumbuki. Mwalimu Nukta angeendelea na kura, nami ningekwenda nyumbani na nafasi yangu na droo yangu.

"Nilikuwa nasahihisha kalenda," nikasema. "Simu ya kwanza iliingia nikiwa Aprili. Nikajiambia nimalize mwezi. Ya pili nilikuwa Agosti."

Alikuwa anaandika haraka, bila kuinua kichwa. "Na ya tatu?"

"Desemba. Zilikuwa zimebaki siku sita."

Kalamu ikasimama. "Ukafanya nini?"

"Nikazisahihisha," nikasema. "Zote sita. Kisha nikarudia tangu Januari."