Mteremko wa Lugoba

Mwaka mmoja kabla Wajerumani hawajapandisha bendera yao Bagamoyo, alishuka pwani Mzungu mmoja aliyekuja na baisikeli. Jina lake lilikuwa refu na halikukaa vizuri mdomoni mwa watu, kwa hiyo wakamwita Bwana Gurudumu. Alipoelezwa maana yake alilipenda.

Hakufuata pembe za ndovu wala hakuja kuhubiri. Alitaka njia. Alitaka aendeshe chombo chake ufukweni, avuke mito, apande vilima, arudi mjini kwa upande mwingine, kisha aandike yote ili Wazungu wenzake wenye baisikeli wapate kufuata. Watu wa mjini walicheka sana. Mwinyimvua hakucheka.

Mwinyimvua alikuwa kirangozi, yaani mtu wa kutangulia mbele ya msafara na baragumu lake. Kwa miaka zaidi ya ishirini alikuwa amewapeleka wafanyabiashara bara na kuwarudisha, na wote walichotaka kwake ni kufika upesi. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumuuliza mahali gani pazuri. Aliposikia kwamba yupo mtu anayeitaka njia kwa ajili ya njia yenyewe, moyo wake ulifurahi. Akachuchumaa, akachora mchangani kwa kidole: tuvuke Ruvu, tupite Winde kwa ufukweni maji yakiwa yametoka, tuvuke Wami hadi Saadani; kutoka hapo tuingie vilima vya Udoe, tuvuke Wami tena kwa juu, tufike Lugoba, ndipo tuteremke na kurudi Bagamoyo.

Wakaenda na wapagazi kumi na wawili. Mmoja wao alikuwa Kibwana, mkulima wa Zinga, mume wa Mwanaharusi, binti wa Mwinyimvua. Mkalimani alikuwa Hieronimo, kijana aliyelelewa misheni na kufundishwa Kifaransa huko, lugha aliyoisema yule Mzungu.

Siku za mwanzo zilikuwa njema. Kule Winde, maji yalipotoka na kuacha mchanga mgumu kama sakafu, Mzungu alipanda chombo chake akaenda mbio hadi akawa kidoa tu mbali. Wapagazi walisimama na mizigo vichwani wakimtazama, na Mwinyimvua akajisikia kana kwamba ufukwe ule ameutengeneza yeye.

Lakini baada ya ufukwe kulikuwa na mikoko na tope lake, na baada ya mikoko mchanga laini, na baada ya mchanga vichaka. Baisikeli haikwenda. Ilibebwa. Kibwana ndiye aliyeibeba mara nyingi kwa kuwa alikuwa na mabega mapana, na mzigo wake wakagawana wenzake. Jioni Mzungu alikaa na daftari lake akaandika kwamba leo amekwenda mwendo wa saa sita. Hieronimo alisoma pembeni akamwambia Mwinyimvua.

"Amekwenda nani?" aliuliza Mwinyimvua.



Kwenye kivuko cha juu cha Wami kulikuwa na mtumbwi mmoja tu, na mamba wamelala ng'ambo. Mzungu aliamuru baisikeli ivushwe kwanza, peke yake, isije ikakanyagwa na watu. Wapagazi wangojee majini, maana ukingo ulikuwa mwembamba.

"Mwambie mtu hutangulia, chombo hufuata," alisema Mwinyimvua. "Mwambie hata mtoto wa kwetu anajua hivyo."

Hieronimo akasema maneno machache. Mzungu akatabasamu, akaitikia kwa kichwa, akanyoosha kidole kwenye baisikeli ipakiwe.

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia unashauri watu wavuke mapema, mzee."

"Mimi sikushauri. Nimemkanya."

"Mzee wangu, maneno mengine nikiyavusha kama yalivyo, tutaumia sote."

Mwinyimvua akaingia majini pamoja na wapagazi wake, mpaka mtumbwi uliporudi kuwachukua.

Walipokaribia Lugoba, Mzungu alianza kununa. Alisema amepanda vilima kwa miguu siku nyingi, na hajapata hata kimoja cha kuteremka akiwa juu ya chombo chake. Akauliza kama nchi hii haina mteremko wa maana. Mwinyimvua, ambaye kwa hasira zake zote bado alitaka njia yake isifiwe, alijibu kwamba upo. Mbele ya Lugoba njia ya misafara inashuka kwa muda mrefu, pana, imekanyagwa hadi ikawa ngumu, mawe machache.

"Nitakuonyesha," alisema.

Asubuhi wakapanga hivi: wapagazi watangulie na mizigo; Mzungu abaki juu; wote wakishafika chini Mwinyimvua atapiga baragumu, ndipo naye ashuke. Hieronimo alilieleza jambo hilo mara mbili. Mzungu alisema ameelewa.

Wakashuka. Kibwana alikuwa wa mwisho, kwa sababu siku hiyo alibeba kichwani sanduku zito la vyuma na vifaa. Mwinyimvua alikuwa tayari bondeni, bado anawahesabu watu wake, baragumu mkononi, aliposikia kengele ya baisikeli huko juu.

Hakuwa amepiga baragumu. Akapaza sauti, "Kibwana, toka njiani," lakini mtu mwenye sanduku kichwani hawezi kugeuka upesi. Alikuwa kwenye kona. Baisikeli ilitokea nyuma yake kama jiwe lililoporomoka, ikamgonga, na mtu na sanduku na chuma vikaenda chini pamoja.

Mwinyimvua alipanda mteremko ule mbio kama kijana. Alimkuta Kibwana amelala ubavu, macho yamemtoka, mguu wa kulia umepinda chini ya goti mahali pasipo na kiungo. Hakulia. Alikuwa anatafuna ukosi wa shati lake.

Mzungu naye alikuwa amesimama, viwiko vinatoka damu. Alimpita Kibwana, akaenda kwenye baisikeli. Akaiinua, akazungusha gurudumu la mbele. Lilikwama. Chuma kinacholishika kilikuwa kimepinda. Akatoa kitambaa akapangusa vumbi, kisha akasema maneno marefu kwa Hieronimo.

"Anasema," Hieronimo alianza, sauti yake ndogo, "anasema tumpumzishe Kibwana hapa kwa watu wa Lugoba, mpaka apate nafuu."

Mwinyimvua alimtazama. "Amesema nini hasa?"

"Amesema chombo hakiwezi kusukumwa tena, wanatakiwa watu wanne wa kukibeba hadi Bagamoyo. Hana watu wa kumbeba mgonjwa. Tumwache, naye atawaachia wenyeji nguo ziwe malipo ya kumtunza."

Wapagazi walikuwa wamesharudi juu, wamewazunguka. Mwinyimvua akamsogelea mkalimani.

"Hieronimo, leo utasema kama ninavyosema. Ukipunguza neno nitaliona usoni mwake."

"Ndiyo, mzee."

"Mwambie aliambiwa angojee baragumu. Mwambie huyu aliyevunjwa mguu ndiye aliyekibeba chuma chake topeni na vichakani, na kwenye daftari hakumwandika. Mwambie nimeongoza watu wa kila namna, waungwana na wezi, na sijapata kuona mtu anayempita aliyeanguka akaenda kulipangusa vumbi gurudumu. Mwambie Kibwana atabebwa. Chuma abebe mwenyewe."

Hieronimo alitafsiri polepole, na safari hii Mzungu hakutabasamu. Uso ulimwiva. Alijibu kwa ukali, na mkono wake ukashuka kiunoni, penye bastola.

Mpagazi mzee aliyeitwa Ausi aliinama akautua mzigo wake chini. Aliutua taratibu, kama mtu aliyefika nyumbani. Wa pili akatua, na wa tatu, hadi mizigo yote ikawa chini. Mzungu aliwatazama mmoja mmoja, akaondoa mkono bastolani.

Mwinyimvua alifungua mzigo wa hema, akatoa turubai, akalipasua kwa kisu chake mbele ya mwenyewe. Wakakata miti miwili, wakafanya machela. Wakati wa kumfunga mguu Kibwana alipiga ukelele mmoja tu, kisha akazimia, na hiyo ikawa rehema.

Walitembea siku tatu. Watu wanne machelani, wanapokezana; waliobaki walichukua maji, chakula, na mizigo waliyoiweza. Mzungu alikuja nyuma na baisikeli yake. Mara aliiburura, mara aliibeba begani na kuitua baada ya hatua hamsini. Hieronimo alitaka kurudi kumsaidia.

"Wewe una miguu yako, nenda," Mwinyimvua alimwambia. "Lakini ukiishika, usije tena mbele huku."

Hieronimo hakwenda.

Kwenye Ruvu, mwenye mtumbwi, Mbaruku, alimvusha Kibwana kwanza. Ng'ambo ya nyuma Mzungu akatokea, ametopea hadi magotini, anapunga mkono.

"Na yule?" Mbaruku aliuliza.

Mwinyimvua aligeuka akamtazama. "Mvushe. Simwachii mamba mtu. Lakini chuma chake akipakie mwenyewe."

Bagamoyo, fundi wa mifupa aliyeitwa Bibi Sada alimnyoosha Kibwana mguu, akaufunga kwa vipande vya mti. Alisema mtu huyu atatembea, ila mguu mmoja utakuwa mfupi.

Siku ya nne tangu wafike, habari zikamfikia Mwinyimvua. Mzungu yuko kwenye baraza ya nyumba alikofikia, chombo kimeshanyooshwa na mhunzi, anawasimulia wageni wenzake jinsi alivyoizunguka nchi yote kwa baisikeli. Mwinyimvua aliwaita Ausi na wengine watatu. Wakamwinua Kibwana na kitanda chake, wakapita naye mjini mchana kweupe, watu wakifuata, wakakitua kitanda mbele ya baraza. Hieronimo alikuwa pale, amesimama nyuma ya kiti cha Mzungu.

"Mwambie asimulie sasa," alisema Mwinyimvua. "Mhusika amekuja kusikiliza."

Hieronimo alitafsiri. Kisha, bila kuambiwa, akaendelea kusema Kifaransa peke yake, muda mrefu, akionyesha mguu, akionyesha baisikeli. Wageni wakageuka kumtazama mwenzao. Mmoja alishuka, akafunua shuka, akauangalia mguu akatikisa kichwa. Mzungu akasema atatoa dawa.

"Dawa tunazo. Amwambie pole. Kwetu hata mpita njia huambiwa pole akijikwaa."

Mzungu alisikia tafsiri, akasimama, akaingia ndani. Kesho yake akapanda jahazi la kwenda Unguja. Hieronimo hakuitwa tena kwa wageni wale, akarudi misheni kufundisha watoto kusoma.

Mwinyimvua alidhani hasira yake itaondoka na jahazi lile. Haikuondoka. Alikwenda nayo Zinga, nyumbani kwa binti yake, alikopelekwa Kibwana, na huko akakuta nyingine inamngojea. Mwanaharusi alimpa kigoda, akabaki amesimama.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Nataka kukuuliza. Kibwana ananiambia mliona tangu Wami kwamba mtu yule hana utu. Nani alimpeleka kwenye mteremko?"

Angeweza kusema ni Mzungu aliyeuomba. Ingekuwa kweli nusu.

"Mimi," alisema. "Nilitaka aisifu njia."

"Aisifu njia," Mwanaharusi alirudia. Akachukua jembe lililoegemea ukutani, akatoka kwenda shamba, akamwacha amekaa pale na mgonjwa aliyekuwa amelala. Mvua za vuli zilikuwa zimekaribia, na shamba la muhogo lilikuwa halijaguswa.

Kuanzia siku ile Mwinyimvua alikuja Zinga kila alfajiri na jembe lake. Hakuwa amelima tangu ujana wake. Viganja vilitoka malengelenge, yakapasuka, vikawa vigumu. Mwanaharusi alilima upande mmoja, yeye upande wa pili, na baina yao halikupita neno. Adhuhuri alimwekea chakula kivulini, akaondoka kabla baba yake hajafika. Siku moja wakaja watu kutoka mjini kumwita: yupo mgeni mpya, ana karatasi iliyoandikwa njia ya Winde na Saadani na Lugoba, anamtaka Mwinyimvua kwa jina. Aliwajibu kwamba kirangozi huyo hayupo, akaendelea kulima. Baadaye alisikia wapagazi wa mjini walimuuliza mgeni yule kwanza kama ana gurudumu, na aliposema analo, walitawanyika.

Wiki ya tatu Kibwana alisimama kwa mara ya kwanza, ameshika mlango. Mwanaharusi alimtazama mumewe, kisha akaja shambani hadi alipokuwa baba yake.

"Baba, matuta yako yamepinda," alisema. "Maji yatakusanyika huku chini, muhogo utaoza."

Mwinyimvua alinyoosha mgongo, akayatazama. Yalikuwa yamepinda kweli.

"Nianzie wapi?"

Akamwonyesha. Mwinyimvua akayabomoa matatu ya mwisho, akaanza upya, naye Mwanaharusi akashika jembe upande wa pili wa tuta lile lile.