Wanja wa Bibi Mahfudha

Kile kipande cheusi alichokileta Yaarub kutoka Mexico hakikuwamo kabatini. Kilikuwa kioo cha volkano. Mafundi wa kule hukichonga visu na vinyago. Jikoni akakuta kinuni unga unaometa, umechanganywa na masizi, na roho ikampaa. Bibi yake, Mahfudha, hununua jiwe jeusi kama lile sokoni Nizwa, akasaga wanja wa manga.

Akakimbilia chumbani. Bibi alikuwa amempa mgongo, kitukuu mapajani, kijiti cha wanja mkononi. Yaarub akamnyakua mwanawe.

“Umemtia kioo machoni, Bibi?”

Macho ya mtoto yalikuwa safi.

“Sijamtia,” Bibi akasema taratibu. “Kila wanja najitia mimi kwanza.”

Akageuka. Jicho lake la kulia lilikuwa linachuruzika damu.