Buibui wa Jumanne

Mashine iliyomnyang'anya Leander Wasinger Jumanne yake aliiomba mwenyewe, tena kwa barua saba. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na huyu kisima chake alikichimba kwa kalamu.

Leander alikuwa msimamizi wa uwanja wa ndege wa mji wa Odenberg, magharibi ya Kansas, kwa mwaka wa kumi na tisa. Ukisikia msimamizi usidhani alikuwa na watu wa kuwasimamia. Palikuwa na yeye, trekta ya kukatia nyasi, birika la kahawa, redio, na njia moja ya kurukia iliyolala katikati ya mashamba ya ngano. Taa ikiungua aliibadilisha yeye. Theluji ikianguka aliikwangua yeye. Choo cha wageni nacho alikisugua yeye. Uwanja ni mali ya mji, na mji wa watu mia tisa hauwezi kuajiri mikono zaidi ya ile miwili.

Mkewe, Rosina, alikuwa amefariki miaka minne nyuma. Binti yao alikaa Tulsa, akipiga simu Jumapili baada ya kanisa huku anaendesha gari. Kwa hiyo wiki ya Leander ilikuwa na siku moja tu, na siku hiyo ni Jumanne.

Jumanne ndipo daktari wa moyo alipokuja kwa ndege kutoka Wichita, kutibu katika hospitali ndogo ya mji. Aliletwa na rubani Darla Stroud, mwanamke wa miaka arobaini na ushei, mcheshi, asiyejua kunong'ona. Kabla ya kutua, Darla aliuliza kwenye redio: "Odenberg, upepo ukoje leo?" Leander alitoka mlangoni, akautazama mfuko wa upepo pale mlingotini, akarudi akasema: "Wa kusini, maili kumi na mbili kwa saa, na unanukia mvua." Hilo la mvua hakuulizwa. Aliliongeza ili maneno yawe mengi.

Daktari akishachukua gari la uwanja kwenda hospitali, Darla alibaki. Hakuwa na hiari. Odenberg haikuwa na mashine ya kupima hali ya hewa, na sheria inamkataza rubani wa abiria kushuka ndani ya mawingu mahali pasipo na kipimo. Angeondoka asubuhi, mawingu yakateremka mchana, daktari angerudije kwake? Basi alikaa hadi jioni. Wakala maandazi ya nyama na kabichi, wakanywa kahawa, wakacheza dama.

"Unacheza kama mtu anayelipwa kwa saa," Darla alimwambia kila wiki.

"Na wewe unacheza kama unakimbizwa na mbwa. Nimekula mbili hizo. Haya, lia nikuone."

Mtu mwenye siku moja ya namna hiyo angeilinda kwa jino na ukucha. Leander hakuilinda, na hapo ndipo ninapompendea. Majira ya baridi ya mwaka juzi, Viola Gerstner, mwenyekiti wa bodi ya uwanja, mjane wa miaka sabini na mmoja mwenye moyo unaodunda kwa zamu zake wenyewe, alimkosa daktari Jumanne tatu mfululizo kwa sababu ya mawingu. Kabla ya Jumanne ya nne alibebwa na gari la wagonjwa, maili mia na hamsini juu ya barafu, akapona kwa kudra tu. Leander akakaa mezani, akaandika barua ya kwanza kuomba mashine. Ya saba ikajibiwa.

Ikafungwa mwezi wa Juni, kule mwisho wa uwanja: mlingoti mweupe, vikombe vinavyozunguka, na mikono miwili ya chuma inayotazamana, ikirushiana mwali wa mwanga kupima macho ya mtu yangeona umbali gani. Yote iliyoyapima iliyatangaza kwenye redio mchana kutwa usiku kucha, kwa sauti ya mwanamume ambaye hajawahi kupiga chafya. Bodi ilikata keki. Viola alimshika Leander mkono mbele ya watu, akasema, "Huyu ameniongezea miaka," na Leander akaangalia viatu vyake kwa furaha.

Jumanne iliyofuata Darla hakuuliza upepo. Kwa nini aulize, naye ameshaambiwa na asiyepiga chafya? Ndege ikatua, Leander akaiendea na kabari zake za magurudumu mkononi, kama siku zote. Daktari akashuka. Injini haikuzimwa. Darla akafungua kidirisha akapaza sauti:

"Kampuni imeniongezea miji miwili, Leander! Sasa naweza kurudi hata mawingu yakilala chini! Mashine yako hii, mzee, we acha tu!"

Akapunga mkono, akageuza ndege, akaenda zake. Leander alibaki na kabari mkononi, upepo wa propela ukimpeperushia shati. Hilo hakuwa amelipigia hesabu. Jioni ndege ilirudi kumchukua daktari, ikakaa dakika nne. Ubao wa dama ulibaki mezani na kete zake vilevile, zamu ikiwa ya Darla, na Leander akifuta vumbi alifuta pembeni ya ubao asije akazisogeza.

Julai ikapita hivyo, na Agosti. Upweke ni uvundo, walisema wazee, nami naongeza kwamba mwenye nao ndiye wa mwisho kuunusa. Leander alianza kuipigia simu ile mashine, kwa kuwa ilikuwa na namba yake, akaisikiliza ikimwambia upepo aliokuwa amesimama ndani yake.

Kisha, mwanzoni mwa Septemba, asubuhi jua linawaka na anga limeoshwa, redio ikamwita.

"Odenberg, Leander, upo? Mashine yako inasema pana ukungu, mtu haoni hata robo maili. Nami niko juu hapa naona mpaka paa la kanisa. Wewe unaona nini?"

Leander alikamata kipaza sauti cha redio kwa mikono miwili. "Naona ghala la nafaka la Liebau, maili saba. Naona na njiwa juu yake, ana mawazo."

Darla akacheka kicheko chake chote. "Basi natua kwa macho yako. Mwambie bwana mashine aende kwa daktari wa macho."

Ndege ilipoondoka, Leander alitembea hadi kwenye mlingoti na kitambaa mfukoni. Kati ya ile mikono miwili buibui alikuwa amesuka utando, safi kabisa, na yeye mwenyewe, kahawia na tumbo kubwa, amekaa katikati. Mwali wa mwanga ulikuwa ukigonga nyuzi, na mashine, isiyojua buibui ni nini, ikadhani ni ukungu. Leander alitoa kitambaa. Alisimama nacho muda mrefu. Halafu akakirudisha mfukoni.

Alijitetea vizuri. Anga ni jeupe, alijiambia. Anga likiwa jeupe rubani anatua kwa macho yake, mashine iseme isemavyo, kwa hiyo hakuna anayedhurika. Jumanne ya pili Darla aliuliza tena, na ya tatu, na ya nne, na ya tano. "Unaona nini, Leander?" Akamwambia kuhusu njiwa, kuhusu trekta ya jirani iliyokwama, kuhusu mbweha aliyekatiza njia ya kurukia kama mwenye mji. Dakika mbili za maneno kwa wiki. Alizipanga tangu Jumatano.

Jumanne ya sita mawingu yalishuka. Hayakuwa ukungu, yalikuwa dari ya kijivu juu kidogo ya mnara wa maji, na chini yake mtu aliona maili tatu bila taabu. Ndiyo hali hasa mashine ililetewa. Leander aliiona dari hiyo tangu alfajiri. Kitambaa kilikuwa mezani. Kwenda na kurudi ni robo saa, na akajua kwamba anapaswa kwenda, lakini akiondoka huenda Darla akaita hayupo. Akamimina kahawa, akakaa kando ya redio.

"Odenberg, mashine inasema robo maili," Darla alisema, na safari hii hakukuwa na kicheko. "Unaona nini?"

"Maili tatu. Shuka tu, Darla, njia yote naiona."

"Macho yako leo hayahesabiki, Leander. Niko ndani ya mawingu na nina abiria. Nataka mashine iseme."

Leander akakurupuka kitini, kitambaa mkononi. "Nisubiri," akasema, "nisubiri kidogo tu," akatoka mbio, mzee wa miaka sitini na nane, na viatu vya kazi, juu ya nyasi zenye umande. Akaufuta utando kwa kitambaa, akaufuta tena kwa mkono wa shati. Lakini mashine ile haibadilishi kauli kwa sekunde. Hukusanya inachokiona kwa dakika kumi, kisha ndiyo inasema. Leander alisimama chini ya mlingoti akihema, akiisikia ndege huko juu, haionekani, ikizunguka mara moja, ikizunguka mara ya pili. Kisha mlio ukaelekea mashariki ukapungua, na ukaisha.

Viola alikuja saa nane mchana. Aliegesha gari lake la mizigo mbele ya mlango kabisa, pale pasiporuhusiwa.

"Huo ukungu uko wapi?" akauliza kabla hajaingia vizuri. "Nimetoka hospitali sasa hivi, njia nzima nahesabu ng'ombe wa watu. Mashine imeharibika? Niambie, niwaandikie waliotuuzia, wanijue."

Njia ya kutokea ilikuwa wazi mbele ya Leander, pana kama mlango wa banda la ndege. Angesema ndiyo, imeharibika, na barua ingeandikwa.

"Mashine ni nzima," alisema Leander. "Palikuwa na buibui. Nilimwona mwezi wa tisa. Nikamwacha."

"Ukamwacha kwa nini?"

"Akiwepo, Darla huniuliza naona nini."

Viola alimtazama. Akautazama ubao wa dama, na vumbi lililofutwa pembeni yake tu. Akavuta kiti akakaa, mkono mmoja juu ya kifua, na Leander akaogopa kweli.

"Nilikaa na gauni la karatasi masaa matatu na dakika ishirini," alisema taratibu. "Mgongo wazi. Nikajiambia, Viola, tulia, ukungu ni wa Mungu. Kumbe ni wako."

"Nisamehe."

"Sijafika huko. Ngoja kwanza. Rosina tulimzika lini?"

"Miaka minne, Novemba."

"Mimi nakaa maili mbili kutoka hapa. Tangu siku hiyo umekuja kwangu mara ngapi?"

Leander alihesabu moyoni. Ilikuwa mara moja, kurudisha bakuli.

"Mtu mzima wewe," Viola akasema, sauti ikipanda, "umeshindwa kutamka 'kaa na mimi kidogo'. Maneno manne! Ukaona bora umtume buibui akusemee."

Akainuka. Mlangoni akageuka. "Kukufukuza nisingeshindwa, bodi inanisikiliza. Ila nani atasugua choo? Jumanne ijayo niko kwa daktari saa nne. Nikikuta ukungu, Leander Wasinger, nawala wewe na buibui wako."

Wiki ile nzima Leander aliifuta mashine asubuhi na jioni. Jumanne ilipofika dari ya kijivu ilikuwa imerudi, chini kuliko ile ya kwanza. Darla hakuuliza kitu. Alitaja tu mahali alipo na njia anayoijia, kama wanavyosema marubani kwa yeyote anayesikiliza. Ndege ikatokea chini ya mawingu, imenyooka, ikatua. Leander akaenda hadi kwenye kidirisha, mikono mitupu.

"Darla," akapaza sauti kushinda injini, "ukipata nafasi, kaa na mimi kidogo!"

Ilimtoka vibaya, kama kikohozi. Darla akapunguza injini na kumtazama.

"Siwezi, mzee wangu," alisema. "Nisikudanganye. Wala wiki ijayo. Wamenibana kweli kweli." Akanyoosha mkono nje ya kidirisha, akamshika bega. "Ila kete zangu usizisogeze."

"Sijazigusa."

"Najua," akasema Darla, akaondoka.

Leander aliingia ndani. Akazitia kete zote mfukoni, zake na za Darla, baada ya kuchora kwenye karatasi kila moja ilipokuwa. Akaubeba ubao kwapani, akafunga mlango wa ofisi saa nne asubuhi, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya msiba, akaendesha maili mbili hadi kwa Viola. Viola alikuwa hospitali, kama alivyosema. Leander akakaa kwenye ngazi ya mlango, ubao magotini. Kulikuwa na baridi. Saa tano ikapita, na saa sita. Mara mbili aliinuka kwenda zake, akafika garini, akarudi.

Gari la Viola liliingia uani saa saba kamili. Alishuka polepole, karatasi za daktari mkononi, akamkuta amejikunyata na pua nyekundu.

"Umekaa muda gani hapo?"

"Masaa matatu."

Viola akatazama saa yake. Akampita, akafungua mlango, akaingia na kuufunga nyuma yake.

Leander hakubisha hodi. Alipanga kete juu ya ubao, moja moja, akaketi kusubiri. Baada ya dakika ishirini mlango ukafunguliwa.