Saa za Utulivu

Uchungu ulimshika mpishi msaidizi saa saba na nusu mchana, akiwa amechuchumaa anamenya viazi, mwezi mzima kabla ya siku zake za kujifungua. Dada yake, mfuaji wa hoteli ile ile, alimkokota hadi chumba cha kufulia akamlaza juu ya rundo la mashuka. Damu ilikuwa nyingi. Mfuaji alikuwa na watoto wanne. Damu ya kuzaa aliijua, na hii haikuwa hiyo.

Alitoka mbio, peku, hadi ofisi ya meneja. Zamani kisiwa kile cha hoteli kilikuwa gereza, na kuta zake nene za mawe ndizo wageni walizovuka bahari kuja kupumzika ndani yake.

"Shikamoo bosi. Mdogo wangu anakufa. Naomba boti."

"Sauti!" meneja alinong'ona, akichungulia dirishani. Kando ya bwawa wageni walikuwa wamelala chali. "Injini haiwashwi mpaka saa kumi. Unajua."

"Hospitali iko pale ng'ambo, bosi. Nusu saa tu."

"Mama, watu hawa wamelipia ukimya. Unamkumbuka yule jogoo wa mlinzi?"

"Namkumbuka."

"Yuko wapi?"

Jogoo alikuwa amewika mara moja tu.

"Basi tupe hata mtumbwi, nitapiga kasia mwenyewe."

"Uko na wageni, wanapiga picha." Meneja aliteremsha sauti zaidi, karibu kwa upole. "Nikisikia kelele kutoka huko kwenu, nyote wawili hamna kazi. Nenda, mama. Mtulize."

Alirudi mbio chumba cha kufulia.

"Dada, boti inakuja?"

"Inakuja."

Saa ya ukutani ilionyesha saa nane kasoro dakika tano. Mdogo wake akajikunja, akafungua kinywa, na yowe likaanza kupanda. Dirisha lilitazama bwawani, na halikuwa na kioo. Mfuaji alimrukia, akamziba mdomo kwa kiganja.

"Jikaze, mwana wa mama. Jikaze. Mama alituzaa sita, jirani hakusikia."

Meno yalizama kiganjani. Mfuaji hakulia. Yalishika, yakashika, kisha yakalegea.

Mfuaji hakuondoa mkono. Aliogopa atakachosikia, akaogopa zaidi asisikie kitu. Nje, mgeni alikoroga kinywaji chake, barafu ikagonga glasi, na mwenzake, bila kufumbua macho, akamwambia, "Shhh."