Herufi ya Biskuti kwenye Sumu ya Panya

Herufi ile, A hadi Z, niliichora mwenyewe, kwa mkono, kwa ajili ya kiwanda cha biskuti: nene, haina vikia wala ncha, kila kona nimeiviringa kama donge la unga lililoumuka. Kazi hiyo nilijifunza darasa la jioni, baada ya kubeba magunia mchana kutwa, na sioni haya kusema niliijua.

Mpwa wangu, mwenye duka la uchapaji, aliiingiza kwenye kompyuta yake, na tangu hapo mji mzima umevimba kwa herufi yangu. Iko kwa kinyozi, iko hadi mlangoni kwa wakili.

Jana asubuhi alipita nyumbani, akaacha pakiti mezani nione kazi yake mpya. Mke wangu, ambaye miwani huivaa akikumbuka, aliifungua, akapanga vile vidonge vya rangi ya waridi kwenye sahani, akaniletea pamoja na chai. Kimoja kilishafika mdomoni niliposikia harufu yake. Nikageuza pakiti. SUMU YA PANYA, kwa herufi zangu: nono, laini, zinachekacheka.

"Nilidhani ni zile biskuti zako," alisema mke wangu, akaanza kulia.

Nilikwenda dukani kwake na ile pakiti mkononi.

"Mjomba! Umeionaje? Inavutia, eh?"

"Inamvutia nani? Panya hajui kusoma."

"Mteja kataka herufi changamfu."

"Sumu changamfu! Mke wangu kaniandalia na chai."

Akacheka. "Basi avae miwani!"

Nikaibwaga pakiti mbele yake. "Na mtoto asiyejua kusoma, naye umvalishe miwani?"

Kicheko kilimkauka. "Pakiti elfu tatu zimeshachapwa, mjomba. Gari linazifuata leo jioni."

Nikavuta kiti, nikachukua brashi bapa na wino mweusi. Kwenye kila pakiti: fuvu, mifupa miwili, na SUMU yenye kona kali, juu ya zile nono.

"Unaniharibia kazi!"

"Naharibu yangu."

Gari lilipopiga honi nilikuwa sijafika hata pakiti mia nne. Mpwa wangu alitoka nje, nikamsikia akimwambia dereva aje keshokutwa. Akarudi, akavuta kiti cha pili bila kuniangalia.

"Fuvu lako halina meno," alisema.

"Yatie wewe."