Mgonjwa wa Saa Saba

Mama alikuwa ameuma ncha ya mtandio wake tangu saa tatu asubuhi, na hadi saa sita hakuwa ameiachia. Alikaa mwisho kabisa wa benchi, mgongo wima, mikono miwili imelalia tumbo kama mtu aliyeshiba. Asiyemjua angedhani amemsindikiza mgonjwa, na mgonjwa mwenyewe ni bintiye aliyekaa kando yake, anayetokwa jasho na kubadilisha mkao kila dakika.

Kadi ya kijani ilikuwa mapajani mwa mama. Katika hospitali ile kadi zilikuwa za rangi tatu. Mwenye nyekundu aliingia mara moja, mwenye njano aliingia nyekundu zikiisha, na mwenye kijani alikaa. Aliyezigawa ni muuguzi wa mezani, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba, naye alizigawa kwa jicho na kwa sikio. Mwanamume mmoja aliletwa kwenye kiti cha magurudumu akipiga kelele kwamba mgongo umekatika vipande viwili. Alipewa nyekundu, akainuka kitini kwenda kuipokea mwenyewe.

Mama alipofika mezani, muuguzi alisoma jina lake kwenye cheti, akainua macho, akatabasamu.

"Wa ng'ambo ya mto," alisema. "Haya bibi, leo umekata roho mara ngapi?"

Foleni ilicheka. Mama alisema anaumwa tumbo, leo siku ya tisa. Alilisema kama wanavyosema kwao, maneno yakivutwa mikia, na foleni ikacheka zaidi ya mwanzo. Hapo ndipo mama alipoingiza ncha ya mtandio mdomoni. Muuguzi alimpima joto, akamuuliza mawili matatu, akajibiwa kwa kichwa. Akaandika kwamba mgonjwa ametulia. Kijani.

Bintiye alikuwa nyuma yake hatua moja, amebeba mfuko wa nguo. Aliona aibu, lakini si kwa sababu ya mama yake. Watu wale walikuwa wamefundishwa kucheka, na aliyewafundisha ni yeye.

Kila siku ya kazi, saa saba mchana, redio ilirusha mchezo wa dakika kumi na tano. Ndani yake kulikuwa na mtumishi wa nyumbani aitwaye Bi Kataroho, mtu wa ng'ambo ya mto. Vyombo vikirundikana, Bi Kataroho anaumwa. Nguo zikilowekwa, Bi Kataroho anaanguka, anausia wanawe, anakata roho. Chakula kikiiva anafufuka. Wasikilizaji walivunjika mbavu kwa miaka minne. Mwigizaji ndiye yeye binti, lakini hakuna aliyemjua kwa sura, na hilo alilipenda. Alipanda lifti na watu wanaomuigiza, akatazama viatu vyake.

Hakuwa ameomba kazi hiyo. Alikuwa ameomba kusoma habari. Mtayarishaji, mwanamume mpole wa shati lililopigwa pasi vizuri, alimsifu kwamba sauti yake ni safi, haina kwao. Kasoro ni jina. Msomaji wa habari hutajwa jina, alieleza, na jina kama lile likitajwa watu wataacha habari waanze kutafuta lafudhi. Lakini kulikuwa na mchezo mpya, na palikosekana mtumishi.

"Wewe unawajua wale," alisema. "Nipe kitu chao. Kitu ambacho mtu wa huku hawezi kukibuni."

Akampa. Hata leo hakujua kwa nini lilimjia lile na si jingine. Alikuwa na miaka tisa, amelala upande wa pili wa pazia, na mama yake alikuwa anajifungua mtoto ambaye hakulia. Sauti ya mama ilianzia chini kabisa, ikapanda, ikakatika katikati kama aliyekabwa, kisha ikaanza upya pale pale ilipokatikia. Aliitoa mbele ya kipaza sauti jinsi alivyoikumbuka. Fundi mitambo aliinamia meza yake kwa kicheko. Mtayarishaji alifuta machozi akasema hapo hapo, usibadilishe hata nukta.

Siku mchezo uliporushwa kwa mara ya kwanza, mama alisikiliza hadi mwisho, amesimama na kikombe mkononi. Kisha akapunguza redio.

"Unaikumbuka vizuri," alisema, akaenda kuanua nguo.

Hawakulizungumza tena. Mwaka wa pili binti alijipiga moyo konde, akamwambia mtayarishaji kwamba huenda sasa Bi Kataroho angeweza kuwa mtu wa kokote, au angalau apate siku moja ya kuumwa kweli. Mtayarishaji hakukasirika. Alimvutia kiti.

"Wenyewe wa ng'ambo wanatupigia simu kutushukuru," alisema. "Utani tu. Mama yako hasikilizi?"

"Anasikiliza."

"Hacheki?"

Yeye akasema anacheka. Alilisema haraka, macho makavu, na kikao kikaisha.

Mama alifanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, upande wa pasi. Ilikuwa kazi ya kusimama, siku nzima mashuka yakimjia na mvuke wake. Asubuhi ile ndipo binti alipopigiwa simu na mwanamke aliyepiga pasi meza moja na mama. Huyo alimwambia aje amchukue mama yake kabla hajaanguka juu ya pasi. Binti alipofika, alimweleza mengine njiani kwenda getini, kwa sauti ya kulaumu. Mwaka juzi mama aliumwa kiuno akaenda kuomba ruhusa. Msimamizi aliwaita wenzake ofisini waje wasikie, akamwambia aombe tena, polepole, na ule mguno wa Bi Kataroho. Mama aliomba tena. Walicheka, wakampa nusu siku. Tangu hapo hakuomba. Sasa ni siku ya tisa anapiga pasi ameuma kitambaa, na wenzake wakimuuliza anasema jino.

"Wewe si uko redioni?" yule mwanamke alimuuliza pale getini. "Huwezi kuwaambia waache?"

Alimjibu kwamba atajaribu.

Saa saba ilipogonga, karani wa mapokezi aliongeza sauti ya redio yake bila kuulizwa na mtu, na benchi zote zikasogeza masikio. Kipindi kilikuwa kimerekodiwa juzi. Bi Kataroho alitakiwa kufua mapazia. Binti aliyajua maneno yote yanayokuja, akaomba ule mguno uwe umekatwa. Haukukatwa. Ukumbi wa wagonjwa uliangua kicheko, mwenye mkono kwenye bandeji akicheka huku akiushikilia, na muuguzi akapiga meza kwa kiganja. Mama alitazama ukuta wa mbele. Taya lake lilikuwa limebana hadi mshipa wa shavu ulitetemeka, na mikono iliyolalia tumbo ilikuwa haijalala tena, ilikuwa inalisukuma.

Binti alimgusa shingoni. Ilikuwa ya moto na imelowa.

Alikwenda mezani. Alimwambia muuguzi kwamba mama yake hali yake imebadilika, ana homa, tafadhali daktari amwone. Muuguzi alimchungulia mama juu ya miwani.

"Mbona ametulia?"

"Anajikaza, dada. Anaumwa sana."

"Dadangu, mimi hapa nina miaka kumi na saba. Anayeumwa namsikia. Na hawa wenu, samahani kusema, hata kwa mafua wanaaga dunia. Akinyamaza mtu wa ng'ambo, ujue hana kitu." Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama anavyomweleza mtu saa za kufungua dirisha la dawa. "Akae. Zimebaki kijani kumi na nne."

Alirudi kwenye benchi, akapiga magoti mbele ya mama yake, akamsihi aseme. Apige kelele, alie, afanye lolote. Mama alitikisa kichwa. Binti akainuka, akageukia meza, na mama akamshika mkono wa gauni. Alijua. Hakuwa amemwambia, lakini mama alijua anakwenda kufanya nini. Aliutoa mtandio mdomoni.

"Usifanye," alisema. "Tutangoja zamu, mwanangu. Kaa nami."

Alijinasua. Alivikunjua vidole vya mama yake kimoja kimoja, akarudi mezani, akasema jina ambalo kwa miaka minne hakulitamka nje ya studio.

"Mimi ndiye Bi Kataroho."

Muuguzi alimcheka. Wewe, na Kiswahili chako hicho? Basi tusikie.

Akawafanyia. Alisimama katikati ya ukumbi, akashika kiuno, akavuta maneno mikia, akawausia wanawe masufuria. Kisha akatoa mguno, wote, kutoka chini hadi pale unapokatika na pale unapoanza upya. Hakuwahi kuutoa vizuri kama siku ile. Benchi zililipuka. Karani alitoka dirishani. Wagonjwa wenye kadi nyekundu walichungulia kutoka ndani, akiwemo yule wa mgongo uliokatika, amesimama wima. Muuguzi, machozi yakimtiririka, alifungua mlango wa chumba cha daktari akamwita aje haraka, aje amwone mtu. Daktari akaja.

Alikuwa kijana, amechoka, na kicheko kilimkuta amekihitaji. Aliomba arudiwe kile kipande cha mwisho. Akarudiwa. Alimpa mkono, akamwambia mkewe hataamini.

"Daktari," alisema binti, bado amemshika mkono, "mama yangu ni yule pale. Mtazame dakika moja."

Dakika moja haikuwa kitu, kwa Bi Kataroho. Daktari alikwenda na tabasamu lake, akainama, akaweka kiganja juu ya tumbo la mama. Akakibonyeza, akakiacha. Tabasamu likatoweka. Tumbo lilikuwa limekakamaa kama ubao.

"Huyu amekaa hapa tangu saa ngapi?"

"Hakuwa analalamika, daktari," alisema muuguzi.

Daktari alimwinamia mama, akamuuliza kwa nini hakusema. Mama alimtazama, kisha akamtazama bintiye.

"Nilisikia mnacheka," alisema. "Nikangoja mmalize."

Mtu wa benchi la nyuma alicheka, kwa ile mikia ya maneno. Daktari alipiga kelele kiletwe kitanda. Kililetwa, mama akalazwa, mtandio ukaanguka chini na hakuna aliyeuokota. Binti alikimbia kando ya kitanda hadi kwenye milango miwili ya ndani, akazuiwa kwa mkono. Angoje hapo. Alitaka kumwambia mama yake kitu kabla milango haijafungwa, lakini sauti iliyokuwa kooni mwake bado ilikuwa ya Bi Kataroho, akaogopa kuifungulia.

Milango ilifungwa. Alibaki amesimama mbele yake, mgongo kwa watu, kisha akageuka, kwa sababu hakuwa na pa kwenda. Ukumbi mzima ulikuwa unamtazama kwa furaha.

Ndipo ile sauti ilipokuja kutoka nyuma ya milango. Ilianzia chini kabisa, ikapanda, ikakatika katikati, ikaanza upya pale pale ilipokatikia. Hakuwa ameisikia kwa miaka ishirini na sita, na yote aliyokuwa akiyatoa redioni hayakuifikia hata nusu.

Benchi zote zikaangua kicheko. Karani alipiga makofi. Muuguzi alivua miwani afute macho.

"Huyu dada ni kiboko," alisema yule wa mgongo, akimnyooshea kidole. "Mtazameni, hata mdomo hafungui."